Gobori la Mwindaji: Sehemu ya Pili, Kiasi cha Baruti

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi gobori lilivyofika katika ufuko huu wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, pamoja na misafara ya pembe iliyovuka kutoka Ujiji hadi Mtoa; sasa twaingia katika jambo ambalo wawindaji wengi hulichukulia kuwa ni mazoea tu, ilhali uhai wa mpigaji umo ndani yake, nalo ni kiasi cha baruti.

Msomaji akumbuke kwamba Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliotiwa sahihi mwaka mmoja kabla ya Kapteni Jacques kuiasisi Albertville, ambayo leo ni Kalemie, uliharimisha kuingiza bunduki za kisasa katika nchi zilizo baina ya nyuzi 20 za kaskazini na 22 za kusini, ukaruhusu kwa masharti zile za gumegume zisizo na mitai ndani ya kasiba, na baruti ya kawaida ya biashara. Baruti hiyo nyeusi ilikuwa hafifu, na punje zake hazikulingana, hata mwenye kuichota kwa kiganja hakupata kiasi kilekile mara mbili.

Mwindaji Mwingereza Frederick Selous, ambaye kaburi lake liko Beho Beho nchini Tanzania, alianza kuwinda ndovu katika miaka ya 1870 kwa magobori mazito ya risasi ya wakia nne, akichota baruti kwa mkono kutoka katika mfuko wa ngozi. Siku moja bunduki iliyokataa kuwaka ilishindiliwa tena juu ya shehena ya kwanza, na ilipowaka ilimwinua mzima ikamwangusha mchangani. Kama mambo hayo yalimpata yeye, mwenye bunduki ya fundi wa Birmingham, mwenye gobori la bomba la maji lililofuliwa kijijini atakuwaje?

Yafaa ifahamike kwamba baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hugeuka masizi na chumvi, na sehemu iliyobaki ndiyo hewa inayoisukuma risasi. Kwa hiyo, ukishapita mpaka fulani, kila nyongeza huongeza kasi kidogo sana, bali huongeza teke la bunduki begani na shindo katika kitako cha kasiba. Mpaka huo hutofautiana kwa kila bunduki, nao hutafutwa kwa subira. Mwindaji huanza na kiasi kidogo alichoagiza mtengenezaji, akakipima kwa kipimo kimoja kisichobadilika. Huegemeza bunduki juu ya gunia la mchanga, akapiga shabaha kadhaa kwa kiasi hichohicho, akipangusa kasiba kila baada ya mlio. Kisha huongeza kidogo, asipite kamwe upeo uliowekwa, akitazama matundu yanavyokaribiana, na yanapoanza kutawanyika hurudi nyuma. Bunduki yenye mitai na kasiba ya milimita 12.7, itupayo risasi ya duara ya gramu 11 na nusu hivi, wengi huianzishia gramu 3 za baruti, na aghalabu hupata shabaha njema kabla ya kuzifikisha maradufu.

Mambo mawili hayana mjadala. Baruti isiyo moshi, ile ya katika viasi vya siku hizi, isitiwe hata chembe, kwani nguvu yake hupasua kasiba. Tena risasi ilale juu ya baruti pasipo nafasi. Kwa ajili hiyo mdeki utiwe alama mbili, moja ya kasiba tupu na moja ya kasiba iliyoshindiliwa, na alama hizo zingalimtosha Selous.

Huko Liège, Ubelgiji, tangu mwaka 1672 iko nyumba ya kujaribia bunduki, ambapo kasiba hupigwa kwa shehena kubwa kuliko ya kawaida kisha hugongwa muhuri. Lakini muhuri huo huishuhudia kasiba ya siku ile tu. Masizi ya baruti hufyonza unyevu, na katika masika ya kando ya ziwa letu, gobori lililolazwa bila kuoshwa kwa maji ya moto hushikwa na kutu, ambayo hula chuma mwaka baada ya mwaka, hasa pale chini baruti inapokaa. Basi aliyerithi gobori la babaye asirithi na kiasi chake: alipeleke kwanza kwa fundi likaguliwe, na likisalimika aanze upya kwa kipimo kidogo.