Nguvu za farasi za Nairobi si za Dar: jinsi ya kupima kwa haki gari lililoongezwa nguvu

Anayeuza Subaru ya turbo iliyoongezwa nguvu mara nyingi haonyeshi injini peke yake. Anaonyesha na karatasi. Juu yake kuna mistari miwili iliyopinda, mmoja wa nguvu za farasi na mwingine wa msokoto, na pembeni tarakimu moja kubwa, tuseme 310. Mnunuzi aliye Dar es Salaam, ambaye bado hajaliona gari lenyewe lililoko Nairobi, hupandisha bei yake kwa sababu ya tarakimu hiyo. Swali ambalo wachache huliuliza ni kama nguvu hizo 310 zilipimwa, au zilikokotolewa.

Karatasi hiyo hutoka kwenye dainamomita, ambayo vijana wa magari huiita daino kwa kifupi. Gari hupandishwa juu ya rola za chuma, likafungwa kwa mikanda, kisha dereva hukanyaga mafuta hadi mwisho akiwa katika gia moja. Zipo daino ambazo rola yake ni pipa zito la uzito unaojulikana. Kompyuta hupima pipa hilo linaongeza kasi upesi kiasi gani. Nyingine zina breki ya sumaku inayoweza kulishikilia gari katika mzunguko mmoja kwa muda, jambo linalomfaa sana fundi anayerekebisha injini. Zipo pia zinazofungwa kwenye habu baada ya magurudumu kuvuliwa, na hizo huondoa kabisa tatizo la tairi kuteleza. Zote huishia kwenye hesabu ileile: msokoto kwa nyutoni mita, zidisha kwa mizunguko ya injini kwa dakika, gawanya kwa 9,549, unapata kilowati. Kilowati moja ni sawa na nguvu za farasi 1.34 za Kiingereza au 1.36 za kimetriki, zile ambazo Wajapani huziandika PS. Tofauti ni ndogo, lakini muuzaji anayetaka tarakimu nono anajua achague ipi.

Mpaka hapo hakuna ubishi mkubwa. Ubishi huanza pale mashine inapochukua nguvu ilizozipima na kuzizidisha.

Injini huchoma petroli kwa kutumia hewa, na hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yake ni kama hektopaskali 830, wakati Dar es Salaam na Mombasa ni zaidi kidogo ya 1,000. Ili matokeo ya miji tofauti yalinganishwe, wahandisi waliweka kanuni za marekebisho. Inayotumika sana kwenye daino za magereji ni ya Marekani, SAE J1349, ambayo huchukua nyuzi joto 25 na kanieneo ya hewa kavu ya hektopaskali 990 kuwa hali ya kawaida. Ukiingiza hali ya Dar es Salaam siku yenye nyuzi 30, kizidisho kinatoka kama 1.02. Kampala, iliyo karibu mita 1,200, kinafika takriban 1.17. Nairobi ni karibu 1.24.

Maana yake ni kwamba gari lililosukuma rola za Nairobi kwa nguvu za farasi 250 linaandikiwa 310. Hizo 60 za ziada hakuna mashine iliyoziona.

Kwa injini isiyo na turbo, marekebisho hayo yana mantiki, kwa kuwa injini hiyo huvuta hewa iliyopo na hupoteza nguvu karibu sawasawa na hewa inavyopungua. Turbo ni habari nyingine. Yenyewe husukuma hewa ndani ya injini, kwa hiyo mlima hauiumizi kwa kiwango kilekile. Chukua gari lenye turbo iliyosetiwa kutoa msukumo wa bari moja juu ya hewa ya nje. Dar es Salaam, injini inapata bari 1.01 ya hewa ya nje na moja ya turbo, jumla 2.01. Nairobi inapata 0.83 na moja, jumla 1.83. Tofauti ni kama asilimia 10. Karatasi hata hivyo imeongeza asilimia 24. Kwa hesabu hii ya jumla, gari letu la 250 likishuka pwani litatoa karibu 275, tena kabla ya kuondoa hasara ya joto la pwani. Nguvu za farasi 35 zilizobaki ziko kwenye wino tu. Na yako magari ambayo kompyuta yake hulenga kanieneo kamili na kuiamuru turbo izunguke kwa kasi zaidi ili kufidia mlima. Kwa hayo marekebisho ya asilimia 24 yamezidi hata zaidi.

Waandishi wa kanuni hawakuficha udhaifu huu. Kanuni ya kimataifa ISO 1585 inataka kizidisho kikae kati ya 0.93 na 1.07, na kikitoka nje ya hapo ripoti iseme wazi. Nairobi, Kigali, Arusha na Kampala zote zinatoka nje ya mipaka hiyo kila siku ya mwaka. Kwa hiyo karatasi ya nyanda za juu isiyoonyesha nguvu kabla ya marekebisho ni nusu ya karatasi.

Wasomaji waliosoma uchumi watamkumbuka George Akerlof, aliyeandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika: muuzaji anajua, mnunuzi hajui, na wenye magari mazuri hatimaye wanajiondoa sokoni kwa sababu hawalipwi thamani yao. Daino ilipaswa kuwa dawa ya ugonjwa huo. Ikitumiwa vibaya huuongeza, kwa sababu fundi mwaminifu anayeandika 250 anaonekana hajui kazi mbele ya jirani yake anayeandika 310.

Hasara haiishii kwenye bei. Injini iliyorekebishwa Nairobi na kufikishwa ukingoni mwa uwezo wake, halafu ikateremshwa Dar es Salaam bila kuguswa, inapokea hewa nyingi zaidi ya ile fundi aliyoizoea, na hewa yenyewe ni ya moto. Kama fundi hakuacha nafasi ya usalama, petroli huanza kulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, ile hali mafundi wanayosema injini inagonga. Pistoni huvunjika kwenye kingo zinazoshika ringi. Magari mengi ya Kijapani ya kasi yalitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya kwao, inayouzwa kwa okteni 100, na ya pampu zetu ni ya okteni ya chini. Mnunuzi wa pwani aagize gari lirekebishwe upya huko huko pwani, na gharama hiyo aitoe kwenye bei kabla ya kulipa.

Tukirudi kwenye upimaji wenyewe, njia nafuu na ya haki ni wamiliki kadhaa kukodi mashine kwa siku nzima na kugawana gharama. Faida si bei tu. Magari yanapimwa juu ya rola moja, hewa moja, mikono ya fundi mmoja, na hapo ulinganisho una maana hata kama mashine yenyewe inasoma juu kidogo au chini kidogo.

Kabla ya kulipa arubuni, ulizeni mashine ilihakikiwa lini. Yenye breki huhakikiwa kwa kuning'iniza mawe ya mizani ya uzito unaojulikana kwenye mkono wa chuma na kutazama kama kompyuta inasoma uzito huo. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, na mwenye gereji anayekasirika kuulizwa amekwisha kujibu.

Kisha teueni gari la rejea. Liwe zima, lisilobadilishwa kitu, tena lisilo na turbo ikiwezekana. Lipimwe la kwanza asubuhi na la mwisho jioni. Likisoma tofauti kwa zaidi ya asilimia mbili, kuna kitu kimehama katikati: joto la chumba, rola, au kipimo cha hewa. Gari hilohilo likipelekwa baadaye Arusha au Kampala litaonyesha mashine za huko zinatofautianaje na ya Nairobi, jambo ambalo hakuna tangazo litakalokwambia.

Kipimo cha hewa ndiko udanganyifu ulikojificha, mwingine wa makusudi na mwingine wa kutojua. Kihisi cha joto kikiwekwa karibu na injini ya moto, kompyuta hudhani chumba kizima kina joto na huongeza kizidisho. Kuna na kosa la upande wa pili: fundi huchukua kanieneo kutoka taarifa ya hali ya hewa na kuiingiza kwa mkono. Taarifa hizo kwa kawaida zimeshabadilishwa kuwa za usawa wa bahari, hivyo Nairobi husomeka zaidi ya 1,000 kana kwamba ni Mombasa. Kinachotakiwa ni kanieneo halisi ya pale gereji ilipo.

Kila gari lipimwe mara tatu katika gia moja, ile inayokaribia uwiano wa moja kwa moja, ambayo kwa giaboksi nyingi za gia tano ni ya nne. Upepo wa tairi uwe uleule, feni kubwa ipulize mbele, na injini ipewe muda uleule wa kupoa. Iandikwe wastani wa vipimo vyote vitatu, siyo kile kilichong'aa zaidi. Petroli ijazwe kituo kimoja. Uwepo pia uwiano wa hewa na mafuta kwenye karatasi, kwani gari linalotoa nguvu kubwa huku mchanganyiko ukiwa mkavu halitazitoa kwa muda mrefu. Kwa magari yanayosukuma magurudumu yote manne, hakikisheni rola za mbele na za nyuma zinazunguka kwa kasi moja, la sivyo difu ya kati itapata joto na kuharibika. Tairi kuukuu zisipande rola, na mtu asisimame mbele wala nyuma ya gari lililofungwa.

Jambo jingine la kuwa nalo macho: ile desturi ya kuongeza asilimia 15 juu ya nguvu za magurudumu ili kupata za injini. Upotevu wa giaboksi na difu haupandi kwa asilimia moja kwa kila gari. Uzeni na nunueni kwa nguvu za magurudumu. Vitabu vya kiwanda navyo visiwe mizani, kwa sababu watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya PS 280, yaliyodumu hadi mwaka 2004, na baadhi ya magari yaliyotangazwa hivyo yalitoa zaidi.

Kwa anayevuka mpaka kwenda kupima, kituo cha pamoja cha Namanga kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018 kimepunguza kusimama mara mbili, lakini nyaraka ni zilezile: kadi ya gari au logibuku halisi, barua ya mwenye gari kama dereva si yeye, kibali cha muda cha gari la kigeni, na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inashiriki ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Bima ya kawaida inaweza isilipe gari likiharibika juu ya rola, kwa hiyo ulizeni kampuni yenu kwa maandishi kabla ya safari.

Na kwa anayenunua bila kusafiri, mkataba utaje nguvu za magurudumu kabla ya marekebisho, mji zilikopimwa, kanieneo na joto la siku hiyo, kanuni iliyotumika na msukumo wa turbo. Muuzaji anaweza kuomba daino imchapishie hayo yote kwenye karatasi ileile yenye 310.