Zamu ya usiku isiyo na mtu

Mwaka una saa 8,760. Karakana inayofanya kazi zamu moja ya saa nane, siku tano kwa wiki, huitumia mashine yake saa 2,080 tu, na hapo hujatoa sikukuu, muda wa kubadilisha visu wala muda wa kusubiri mali ghafi. Mashine iliyonunuliwa kwa mkopo wa benki hulala zaidi ya robo tatu ya mwaka, na riba yake hailali. Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa biashara ya roboti za kuhudumia mashine za kuchonga chuma. Jioni mafundi hufunga karakana na kwenda nyumbani, mashine zikabaki zinakata hadi asubuhi.

Sehemu ngumu ya kazi ilikwisha kutatuliwa zamani. Mwaka 1952 chuo cha MIT cha Marekani kilionyesha mashine ya kuchonga iliyoongozwa na namba zilizotobolewa kwenye utepe wa karatasi, wazo ambalo John Parsons wa Michigan alikuwa ameliuza kwa jeshi la anga la nchi hiyo. Mashine hiyo ndiyo mama wa CNC za leo, yaani mashine zinazoongozwa na kompyuta. Baada ya hapo fundi alibakiwa na kazi za mkono: kufungua mlango, kutoa kipande kilichokamilika, kupuliza chenga kwa upepo wa kompresa, kuweka kipande kibichi, kukaza jiliwa na kubonyeza kitufe. Mkono wa roboti unaweza kufanya yote hayo. Tena roboti ya kwanza kabisa ya viwandani, Unimate, iliajiriwa kwa kazi ya aina hiyo: mwaka 1961, katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, ilikuwa ikitoa vipande vya moto kwenye mashine ya kusubu.

Wa kwanza kuliona suala la mashine kujiendesha usiku kucha kwa upana wake alikuwa mhandisi Mwingereza, Theo Williamson, wa kampuni ya Molins iliyotengeneza mitambo ya sigara jijini London. Katika miaka ya 1960 alibuni mpango aliouita System 24, kwa kuwa ulikusudiwa kwenda saa 24. Mchana wafanyakazi wangefunga vipande kwenye paleti, usiku mashine zingejichukulia paleti hizo na kukata zenyewe. Mpango haukudumu, kwani kompyuta za wakati ule zilikuwa ghali na dhaifu kuliko fikra yake. Hata hivyo, mmiliki yeyote anayepanga paleti jioni leo, iwe Stuttgart au Nagoya, anafuata mchoro wa Williamson, ajue asijue.

Waliofanikisha wazo hilo kwa ukubwa ni Wajapani. Kampuni ya Fanuc, iliyojitenga na Fujitsu mwaka 1972 chini ya uongozi wa Seiuemon Inaba, ina viwanda vyake Oshino, chini ya Mlima Fuji. Humo roboti za rangi ya manjano hutengeneza roboti wenzao. Taarifa za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilieleza kwamba baadhi ya sehemu za kiwanda hicho ziliweza kwenda hadi siku 30 bila mtu kuingia. Habari hiyo imerudiwa mno na wauzaji wa mitambo, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Hudhani Fanuc ilinunua roboti na kuzima taa. Kilichonunua usiku ule ni miaka mingi ya kuondoa, kimoja kimoja, kila kitu kinachoweza kuharibika wakati hakuna mtu wa kukiona.

Maana usiku una maadui wake. Wa kwanza ni kisu. Kikivunjika mchana, fundi husikia mlio ukibadilika na kusimamisha mashine kabla kipande cha pili hakijaguswa. Kikivunjika saa nane za usiku, roboti itaendelea kulisha vipande, na asubuhi utakuta rundo la chuma kilichoharibika, pengine na mhimili wa mashine uliopinda. Kwa hiyo kila kisu huhesabiwa maisha yake kwa dakika za kukata, na hutolewa kazini kabla hakijachoka, ndugu yake akisubiri kwenye rafu ya mashine. Mwale wa leza hukagua ncha yake kabla ya kila kazi.

Adui wa pili ni chenga, na huyo ndiye mafundi wanayemchukia kuliko wote. Chuma laini na alumini havikatiki kwa chenga fupi. Hutoa nyuzi ndefu zinazojizungusha kwenye kisu na kuziba jiliwa. Mtu huziondoa kwa kulabu kwa sekunde tatu. Roboti haizioni, huweka kipande juu yake, nacho hukaa kimepinda kwa unene wa unywele, na hiyo ni hasara tayari. Dawa yake ni kubadilisha umbo la kisu, kasi ya kukata na shinikizo la kimiminika cha kupozea, hadi chenga zivunjike zenyewe. Hiyo ni kazi ya majuma kwa kila aina ya chuma, na hakuna muuzaji wa roboti anayeiweka kwenye bei yake.

Wa tatu ni joto. Chuma cha kawaida hutanuka takribani maikromita 11 hadi 12 kwa kila mita na kila nyuzi moja ya joto. Kipande cha milimita 200 kikipoteza nyuzi kumi kati ya adhuhuri na alfajiri, husinyaa kwa zaidi ya sehemu mbili za mia za milimita, na kwa vipuri vya injini hilo ni kosa lisilosameheka. Hapa ndipo kilipoingia kipimio cha kugusa, kilichobuniwa na David McMurtry mwaka 1972 kwa ajili ya kupima mabomba ya mafuta ya injini za ndege ya Concorde. Mwaka uliofuata yeye na John Deer walianzisha kampuni ya Renishaw. Kwa kipimio hicho mashine hupima kazi yake yenyewe katikati ya usiku na kujirekebisha. Ukiniuliza kifaa kipi kimefanya zamu isiyo na mtu iwezekane, nitakitaja hiki kabla ya roboti.

Ongeza hatari ya moto, hasa pale mafuta yanapotumika kupozea, na utaelewa kwa nini mashine nyingi za usiku hufungwa mitambo ya kuzima moto kwa gesi ya kabonidioksidi.

Soko lenyewe limekua. Shirikisho la Kimataifa la Roboti linaeleza kuwa mwaka 2023 viwanda vya dunia vilifunga roboti mpya 541,302 za kazi zote, zaidi ya nusu yake nchini China pekee. Roboti zilizokuwa kazini zilipita milioni nne na robo. Roboti nyepesi zinazoweza kufanya kazi karibu na watu, zilizoanza kuuzwa na Universal Robots ya Odense, Denmark, mwaka 2008, zimewafungulia mlango wenye karakana ndogo. Hao hawanunui ili kufukuza watu. Katika Ujerumani, Uswisi na Japani mafundi wazee wanastaafu na vijana wa kushika nafasi zao hawatoshi. Ni kweli kwamba kazi ya kubonyeza kitufe usiku inakufa, na anayeitegemea anastahili kuambiwa mapema na kufundishwa nyingine. Lakini fundi wa mchana thamani yake inapanda, kwa sababu usiku mzima unategemea jinsi alivyopanga visu na jiliwa.

Wenye fedha nyingi nao wamewahi kuanguka. General Motors, chini ya Roger Smith katika miaka ya 1980, ilimwaga mabilioni ya dola kwenye roboti, ikajenga huko Saginaw, Michigan, kiwanda cha ekseli kilichokusudiwa kuendeshwa na watu wachache mno. Kilifungwa mwaka 1992. Kampuni iliyapa mashine majukumu ambayo taratibu zake za mchana zilikuwa bado hazijayamudu.

Kwetu Afrika Mashariki hesabu ni tofauti. Mshahara wa zamu ya usiku ni mdogo kuliko riba ya mkopo wa roboti, na umeme ukikatika kipande kikiwa katikati, hakuna wa kuirudisha mashine mahali pake. Tunazo kumbukumbu za kujifunzia. Kilimanjaro Machine Tools, kiwanda kilichojengwa na Tanzania kwa msaada wa Bulgaria katika miaka ya 1980 ili kutengeneza mashine za kuchonga, na Numerical Machining Complex ya Nairobi, iliyozaliwa kutokana na mradi wa gari la Nyayo, vyote vilianza na mitambo ya maana na vyote vilipita miaka mirefu ya kazi haba. Mashine hazikuwa tatizo lao. Walikosa oda za kudumu na mafundi wa kutosha wa kuzilisha.

Ndiyo maana mwenye karakana anayeulizia bei ya roboti leo, nashauri kwanza aandike kwa mwezi mmoja mashine yake ilisimama saa ngapi, na kwa sababu gani. Mara nyingi atakuta ilisimama mchana, fundi akitafuta keekee au akisubiri mteja alipe. Nao wanaosimamia vyuo vya ufundi, kuanzia VETA ya Tanzania hadi vyuo vya Nairobi na Kampala, wanunue vipimio na wafundishe kupima kabla ya kitu kingine. Kijana anayesoma maikromita bila kubahatisha ataweza kuipanga roboti siku itakapoletwa.