MASHINE HAINA MACHO: KAZI YA BUSTANI NA ADABU YAKE

Ningependa tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hulikimbia: kufyeka.

Ukiingia langoni wiki ya kwanza ya muhula wa pili utaona mwenyewe. Mvua za masika zimenyesha Aprili nzima, wanafunzi tulikuwa likizoni, na nyasi zimefika magotini. Ndipo kila aliyechelewa gwaride, kila aliyeongea lugha isiyoruhusiwa, kila aliyesahau kuchomekea shati, anapewa slasha na kipande chake cha kufyeka. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini slasha ilibaki. Kwa sababu hiyo tumezoea kuiona bustani kama adhabu. Adhabu humalizwa haraka tu ili mtu aende zake. Hakuna anayeuliza amekata nini, wala kwa nini.

Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo, hadi siku nilipomuuliza mzee anayetunza bustani yetu, "Mzee, kwa nini shule isinunue mashine nyingi, sisi tukapumzika?" Aliegemea reki yake akacheka. "Mwanangu," akasema, "mashine ina nguvu, lakini haina macho. Macho ni yako." Makala haya ni maelezo ya neno hilo. Nitayapanga kwa sehemu nne za bustani yetu: nyasi, ua, migomba na mboga, kisha nimalizie na miti.

NYASI

Kwanza tujue tunaishi wapi. Kisii na Nyamira ni nchi ya vilima. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Viktoria haliko mbali upande wa magharibi. Mvua ya mwaka hupita milimita 1,500, na siku nyingi hunyesha alasiri. Nyasi hapa hazina likizo.

Zile zinazofunika uwanja wetu, zinazotambaa na kushika ardhi kama mkeka, ni nyasi za Kikuyu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki hii hii yetu. Zilichukuliwa zikapelekwa Afrika Kusini, Australia na Marekani, na huko watu huzipanda mbele ya nyumba zao. Huo mmea unaolaani ukiwa na slasha mkononi, wenzako ng'ambo wanaununua kwa pesa!

Mashine ya kukata nyasi ilibuniwa Uingereza na fundi mmoja aitwaye Edwin Budding, mwaka 1830. Alikuwa ameona viwandani mashine yenye visu vya kuzunguka iliyopunguza manyoya juu ya kitambaa ili kiwe laini. Akajiuliza: kama inanyoa kitambaa, mbona isinyoe nyasi? Ile ya kubeba begani, inayokata kwa uzi wa plastiki, ni ya juzi tu. Mmarekani George Ballas wa Houston aliibuni mwaka 1971 baada ya kuona brashi zinazozunguka kwenye mashine ya kuoshea magari. Jaribio lake la kwanza lilikuwa mkebe wa bati na uzi wa kuvulia samaki. Naam, akili ni mali.

Lakini hata ukiwa na mashine, nyasi zina kanuni yake: usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa siku moja. Zikiwa na sentimita 9, kata 3, bakiza 6. Jani ndilo jiko la mmea. Ukilinyoa hadi udongo uonekane, mizizi inakosa chakula, na mvua ya alasiri inateremsha udongo hadi mtoni. Kwenye vilima vyetu hilo si jambo dogo. Nyasi zikiwa zimerefuka sana, kama baada ya likizo, kata mara mbili, ukiacha siku kadhaa katikati.

Na mteremko je? Mashine ya kusukuma husukumwa kwa kukata mteremko ubavuni, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukiisukuma kupanda na kushuka, ukateleza, itakurudia miguuni. Tena usikate nyasi zenye umande. Ngoja jua likaushe, umalize kabla ya mvua ya saa nane.

UA

Hapa wanachama wa Chama cha Kiswahili wanisikilize vizuri. Tuna ua wa shule, na tuna ua la waridi. Ua wa kwanza, wingi wake nyua, ni kizuizi. Ua la pili, wingi wake maua, hunukia. Halafu kuna kitenzi: kuua. Mwaka jana tulipata sentensi moja yenye maneno haya: mtu aliukata ua akauua.

Ilikuwa hivi. Sehemu moja ya ua wetu ni kayaba, ule wa miiba mirefu na matunda ya manjano yenye uchachu. Kayaba ulitoka Afrika Kusini, na ni mvumilivu kweli. Ukiukata hadi shinani, unachipuka tena. Sehemu nyingine ni saiprasi, na saiprasi hausamehe. Kijani chake kiko nje tu, ndani ni vijiti vya kahawia visivyo na uhai wa kuchipua. Ukipogoa juu juu unanenepa na kupendeza. Ukiingia ndani hadi kwenye kahawia, hapo hapaoti tena.

Basi alikuja kibarua na mashine ya kupogolea, ile yenye meno marefu kama kinywa cha mamba. Alianza na kayaba, akaona kazi inakwenda, akapita moja kwa moja hadi saiprasi bila kupumua. Kwa saa mbili alimaliza kazi ambayo mzee wetu huifanya kwa wiki nzima na mkasi wake. Tulimshangilia! Mzee alisema, "Umeingia ndani mno, kijana," lakini injini ilikuwa ikinguruma na hakusikika. Hadi leo ukipita nyuma ya bweni utaona ukuta wa kahawia, mkavu, na ng'ombe wa majirani wanapita watakavyo. Haraka haraka haina baraka.

Wazee wanakumbuka saiprasi ikifa kwa sababu nyingine. Mwaka 1990 mdudu mdogo aina ya kidukari alionekana nchini Kenya kwa mara ya kwanza. Alifyonza utomvu wa saiprasi, na nyua nyingi na mashamba ya miti yakakauka katika miaka ile. Kwa hiyo ukiona tawi moja linageuka kahawia bila kukatwa, usipite tu. Lichunguze, umwambie mwalimu wa kilimo.

MIGOMBA NA MBOGA

Kwa Mgusii, bustani isiyo na chakula ni nusu bustani. Waulize wenzetu wa kutoka mbali, wakisikia Kisii wanataja ndizi kwanza. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.2 katika Kaunti ya Kisii na zaidi ya laki sita Nyamira, na ardhi ni ile ile. Kila kipande kina kazi, hata kile kilicho nyuma ya jikoni la shule.

Mgomba hautaki injini. Unataka panga, na panga lenyewe liwe safi. Katika shina moja, bakiza watatu: mama anayezaa, binti anayemfuata, na mjukuu anayechipuka. Wengine waondoe. Ukiwaacha wote, wanagombania chakula na mikungu inakuwa midogo.

Sasa hapa ndipo penye hatari ambayo wengi hatuijui. Kuna ugonjwa uitwao mnyauko wa migomba, unaoletwa na bakteria. Ulijulikana kwanza Ethiopia, ukaonekana Uganda mwaka 2001, ukaingia magharibi mwa Kenya mwaka 2006. Majani hunyauka na kugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati na bila mpango, na ukiikata ndani ina madoa ya kahawia. Ukikata shina, baada ya muda mfupi hutoka majimaji ya manjano. Huo mgomba hautapona. Na unajua nani mmoja wa wanaoueneza? Panga lako! Ukikata mgomba mgonjwa kisha ukaenda kwa ulio mzima na panga lile lile, umeupeleka ugonjwa kwa mkono wako.

Dawa ya panga ni rahisi. Lipitishe motoni hadi lipate joto kali, au ulioshe kwa Jik, kila unapotoka shina moja kwenda jingine. Nyuki nao huubeba ugonjwa kwenye kile kitumba chekundu kinachoning'inia mwishoni mwa mkungu. Kwa hiyo, ndizi za mwisho zikishatokea, kitumba kiondolewe. Kisikatwe kwa kisu bali kivunjwe kwa kijiti chenye panda. Kijiti cha bure kinafanya kazi ambayo chuma kingeiharibu. Je, hilo si somo?

Kisha kuna chinsaga, mboga yetu ambayo Waswahili huiita mgagani. Huo hautaki hata panga, unataka vidole tu. Chuma ncha ya juu mapema, utatoa matawi ya pembeni. Ukiona maua, yaondoe, majani yaendelee kuja. Ukiuacha uchanue wote, kazi ya majani imekwisha, na utabaki unasubiri mbegu. Uchungu wake upikwe na maziwa, hapo hata mgeni ataomba sahani ya pili.

MITI NA PAWASO

Miti tunayoipenda shuleni ni mitatu. Grevilea ulitoka Australia, na hukubali kupogolewa matawi kwa kuni huku shina likiendelea kunyooka. Nandi flemu ni mwenyeji wa Afrika hii, na maua yake mekundu huwaka kama taa juu ya madarasa. Wa tatu ni mparachichi ulio karibu na chumba cha walimu, na sababu ya kuupenda huo mnaijua wenyewe.

Mkalitusi una ugomvi. Hukua upesi, unatoa fito, mbao na kuni, viwanda vya chai huuhitaji, na wazazi wengi wamelipa karo kwa kuuza mikalitusi. Lakini hunywa maji mengi. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikalitusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe. Mti wenyewe hauna hatia. Kosa ni kuupanda kando ya chemchemi badala ya kilimani.

Mti mkubwa ukihitaji kukatwa, huitwa mwenye pawaso, yaani msumeno wa mnyororo. Mjerumani Andreas Stihl alipata hataza ya msumeno wa umeme wa namna hiyo mwaka 1926. Jamani, hicho si chombo cha mwanafunzi. Hata fundi aliyezoea anaweza kuumia. Sehemu ya juu ya ncha ikigusa gogo, msumeno wote huruka nyuma kuelekea usoni kabla hujasema "mama". Tena mlio wake hupita desibeli 100, na sikio likizoea kelele hiyo bila kinga hupoteza kusikia polepole, bila maumivu.

Kwa mashine ndogo ambazo wakubwa wetu wa Kidato cha Nne huruhusiwa kushika mbele ya mwalimu, haya yasisahaulike:

1. Okota mawe, chupa na nyaya kabla ya kuwasha. Mashine ya begani hurusha jiwe kama risasi. Watu wote wakae mita 15 mbali.

2. Vaa buti, suruali ndefu na miwani ya kukinga macho. Ndara si kiatu cha kazi.

3. Injini nyingi za kubeba begani hunywa petroli iliyochanganywa na oili, mara nyingi mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. Soma kwanza maandishi ya mashine yenyewe. Petroli tupu huiua injini hiyo. Mashine nyingi za kusukuma zina mahali pake pa oili, kwa hiyo hazichanganyiwi.

4. Usijaze petroli injini ikiwa moto.

5. Nyasi zikikwama kwenye kisu, zima injini, chomoa waya wa plagi, ndipo utie mkono. Wala usitumie mashine ya waya wa umeme kwenye majani mabichi.

HITIMISHO

Ndugu zangu, sisemi tusitumie mashine. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na slasha moja kwa uwanja mzima ni mateso. Ninachosema ni kwamba slasha, panga, mkasi na mashine vyote vinamtii anayevishika. Akijua mmea, vinatunza. Asipojua, vinaharibu, na chenye nguvu zaidi huharibu haraka zaidi.

Kwa walimu wetu wapendwa nina ombi moja. Mbali na slasha ya adhabu, tupeni pia saa moja kwa wiki ya kufundishwa na mzee wetu wa bustani: kupogoa, kunoa, kuosha panga, kutambua mgomba mgonjwa. Mengi ya haya niliyoandika nimeyapata kwake, naye atastaafu hivi karibuni. Akiondoka na elimu hiyo kichwani, hata tukinunua mashine kumi, tutabaki tukihesabu nyua za kahawia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nawe msomaji, siku utakapopewa kipande chako cha kufyeka, kabla hujainua slasha, inama kwanza utazame unachotaka kukata.