Ada ya Mteja na Uhuru wa Mkaguzi wa Hesabu

Wanahisa, benki na wawekezaji hutegemea hati ya mkaguzi kujua kama hesabu za kampuni ni za kweli. Ada ya mkaguzi, hata hivyo, hulipwa na kampuni hiyohiyo anayoikagua. Ada hiyo ikiwa sehemu kubwa ya kipato chake, kutoa hati yenye shaka ni kuhatarisha riziki.

Mwaka 1981 mtafiti wa Marekani, Linda DeAngelo, aliupima ubora wa ukaguzi kwa mambo mawili: uwezekano wa mkaguzi kuigundua kasoro, na uwezekano wa kuitangaza akishaigundua. La kwanza hutaka ujuzi, la pili hutaka uhuru. Kwa hoja yake, kampuni kubwa ya ukaguzi ni ngumu kuyumbishwa na mteja mmoja, kwa kuwa ikijulikana imemfichia maovu itapoteza imani ya wengine wote.

Kisa cha Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, kilionyesha mpaka wa hoja hiyo. Mwaka 2000 Enron iliilipa kampuni iliyoikagua, Arthur Andersen, dola milioni 52: milioni 25 za ukaguzi na 27 za ushauri na huduma nyingine. Kwa Andersen nzima, iliyoingiza mabilioni ya dola duniani kote, fedha hizo zilikuwa chache. Kwa ofisi yake ya Houston, Enron ilikuwa nguzo. Utegemezi hukaa hapo, katika ofisi na kwa mbia anayesimamia kazi, ambaye hadhi yake hupanda au kushuka na mteja. Mtaalamu mmoja wa Andersen aliyepinga mbinu za kihasibu za Enron aliondolewa kwenye kazi hiyo mapema mwaka 2001, baada ya mteja kulalamika. Novemba mwaka huo Enron ilipunguza faida ilizokuwa imetangaza tangu 1997 kwa takriban dola milioni 586, na tarehe 2 Desemba ikaomba kinga ya mufilisi. Mwaka uliofuata Andersen nayo ikasambaratika.

Julai 2002 Marekani ilipitisha sheria ya Sarbanes-Oxley. Ilipiga marufuku huduma nyingi za ushauri kwa mteja anayekaguliwa, ikaagiza mbia kiongozi abadilishwe kila baada ya miaka 5, na ikaikabidhi kamati ya ukaguzi ya bodi kazi ya kumteua mkaguzi. Tangu 2016 kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka kampuni zilizo kwenye soko la hisa, benki na kampuni za bima zibadilishe wakaguzi, kwa kawaida baada ya miaka 10, na huduma nyingine zinazoruhusiwa zisizidi asilimia 70 ya wastani wa ada za ukaguzi za miaka 3.

Hatua hizi zimebana ada za ziada na mazoea ya muda mrefu. Anayelipa, hata hivyo, bado ni yuleyule anayekaguliwa.