Majani ya marakuja yakijaa madoa: anza na kisu, dawa baadaye

Kila mvua zinaporudi, swali hili huzunguka kwenye makazi ya magharibi mwa Uganda, kuanzia Nakivale hadi Kyangwali: kwa nini marakuja inadondosha majani? Kenya wanaiita pasheni, Tanzania wengi husema makakara. Hapa tutumie jina walilokuja nalo wengi kutoka Kongo na Burundi.

Kwa familia yenye kiwanja cha mita 30 kwa 30, au kidogo zaidi ya hapo, mmea huu si pambo la mlangoni tu. Unapanda juu ya uchanja na kuiachia ardhi mahindi na maharagwe. Unaweza kuanza kuzaa kati ya miezi 6 na 9 tangu mche upandikizwe, na matunda yanauzwa hata yakiwa kikapu kimoja. Ukiupoteza, umepoteza karibu mwaka mzima wa kusubiri.

Ni nini kinachokula majani?

Mara nyingi ni ugonjwa wa madoa ya kahawia. Unaletwa na kuvu, yaani fangasi, anayeitwa Alternaria. Vumbi lake ni dogo mno kuonekana kwa macho. Hubebwa na upepo na matone ya mvua, likatua kwenye jani, na jani likibaki limelowa kwa saa nyingi, kuvu hupenya ndani. Doa huanza dogo kama kichwa cha pini, kisha hutanuka, katikati pakififia. Baada ya hapo jani huanguka, hata kama sehemu kubwa bado ni ya kijani.

Lakini jani si hasara kubwa zaidi. Angalia pale jani linaposhikana na tawi. Ukiona kidonda kirefu cheusi au cha kahawia, hapo ndipo pa kuogopa. Kidonda kikizunguka tawi lote, maji hayapiti tena, na kila kilicho mbele yake hukauka pamoja na matunda yake, ambayo husinyaa kabla ya kuiva. Tena marakuja huchanua kwenye machipukizi mapya tu. Ncha zikifa, maua hayatoki.

Kuna magonjwa mawili ambayo watu huyachanganya na huu, na hayo hayatibiki kwa kunyunyizia majani. Jani likiwa na mabaka ya manjano, limejikunja, na matunda ni madogo na magumu kama mti, huyo ni kirusi. Mmea ukinyauka wote, shina la chini likipasuliwa na kuonekana kahawia ndani, huo ni mnyauko unaotoka kwenye udongo. Katika hali zote mbili ng'oa mmea. Mahali palipokuwa na mnyauko usirudishe marakuja ya zambarau, isipokuwa mche uliobebeshwa juu ya shina la marakuja ya njano, ambayo huvumilia zaidi.

Kisu kwanza

Hakuna dawa inayorudisha uhai wa jani lililokwisha kuugua. Dawa nyingi za kuvu zinazopatikana madukani hukaa juu ya jani zima na kulilinda. Kwa hiyo kunyunyizia mmea uliojaa majani mabovu ni kumwaga pesa, maana majani hayo yataendelea kutoa vumbi la ugonjwa kila siku.

Subiri siku kavu, umande ukishakauka. Ukishika mmea uliolowa, mikono yako ndiyo itakayosambaza ugonjwa. Kata matawi yenye vidonda, ukishuka kidogo chini ya kidonda hadi penye tawi zima. Toa pia majani makavu yaliyonasa katikati ya uchanja, na okota yaliyoanguka chini. Kabla ya kuhamia mmea mwingine, futa kisu kwa maji yenye jiki, kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo tisa vya maji. Wataalamu wengi husema taka hizo zichomwe. Mahali ambapo nyumba zimebanana na paa ni turubai, afadhali kuzifukia kwenye shimo la kina cha goti. Usizitupe kwenye mbolea, wala nyuma ya ua wa jirani. Mengi ya magomvi ya bustani huanzia hapo.

Punguza matawi mpaka upepo upite na mwanga ufike ndani. Mmea utaonekana kama umenyolewa, lakini machipukizi mapya yatatoka, na ndiyo yatakayobeba maua. Hata pasipo dawa, kazi hii peke yake hupunguza ugonjwa sana.

Kama bado unahitaji dawa

Dawa za shaba, kama kopa oksikloridi, ndizo za kuanzia. Mankozebu pia inauzwa sana, ila mimi ningeiweka nyuma: mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza kibali chake kwa sababu za afya. Nunua pakiti iliyofungwa yenye maandishi yote, kamwe si unga uliopimwa kwenye kaimbo au chupa ya soda. Fuata kipimo cha kwenye pakiti, pamoja na idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Kuongeza kipimo hakuongezi kinga, huunguza majani. Majirani wanaweza kuchangia pakiti moja na pampu moja, lakini ulizeni kwanza pampu hiyo ilibeba nini mara ya mwisho. Mabaki ya dawa ya kuua magugu yataua marakuja yenu.

Uchanja mara nyingi ndio kivuli cha watoto. Waondoe, anua nguo, funika madumu ya maji na vyombo. Vaa mikono mirefu, funika pua na mdomo, na simama upande unakotoka upepo. Kopo tupu la dawa lisibebe maji tena, hata likioshwa mara kumi.

Saa nazo zina maana. Marakuja ya zambarau hufungua maua alfajiri na kuyafunga kabla ya adhuhuri. Ya njano hufungua karibu saa sita mchana na kuyafunga usiku. Usinyunyizie wakati maua yako wazi, kwa sababu nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao ndio wanaoyachavusha. Pasipo wao, ya njano hasa haizai.

Kwa mche mpya

Acha nafasi ya mita 2 au 3 kati ya mmea na mmea. Mwagilia kwenye udongo, asubuhi, usiloweshe majani. Ukipewa kipande cha tawi na ndugu wa kijiji kingine, kikague chini ya kila jani na kwenye kila kifundo kabla hakijaingia uani. Penye mvua nyingi chagua ya njano, kwa kuwa hustahimili madoa kuliko ya zambarau. Ukibaki na shaka, peleka jani bichi lenye doa na kipande cha tawi kwa afisa kilimo wa eneo lako, vikiwa ndani ya gazeti kavu. Kwenye mfuko wa plastiki vitaoza njiani.