Oili Inayosukuma Magurudumu

Ukiwa kwenye foleni na gari la otomatiki, achia breki tu: linaanza kutambaa kabla hujakanyaga mafuta. Kazi hiyo hufanywa na oili. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha duara chenye panga pande mbili. Za upande wa injini hurusha oili, za upande wa pili huipokea zikazunguka, kama feni iliyozimwa inavyozungushwa na upepo wa feni nyingine iliyoelekezwa kwake.

Mwanzo wake ni melini. Hermann Föttinger, mhandisi wa karakana ya meli ya Vulcan huko Stettin, Ujerumani ya wakati huo, alisajili ubunifu huu mwaka 1905 kwa sababu turbini ya mvuke huzunguka kwa kasi mno, na propela ya meli hutaka mwendo wa taratibu. Oldsmobile ya Marekani iliutumia kwenye magari yake ya otomatiki ya toleo la 1940.

Njia ya pili, ambayo mimi naihusudu zaidi, haitegemei oili kurushwa bali kubanwa. Itazame ekskaveta. Injini yake haina shafti inayofika kwenye cheni. Inaendesha pampu, na hozi hupeleka oili yenye presha kwenye mota ya kila upande. Mota moja ikienda mbele na nyingine ikirudi nyuma, tani 20 za chuma zinageuka palepale. Katika mashine nyingi za aina hii, kama za kuvunia ngano, ndani ya pampu mna sahani inayoinamishwa: ikiinama sana oili hutoka nyingi, ikisimama wima hakitoki kitu, ikiinamia upande wa pili mashine inarudi nyuma. Gia za kubadilisha za nini tena?

Basi mbona mabasi ya mikoani hayatumii njia hii? Oili inayobanwa hupata joto, na joto hilo ni dizeli iliyopotea. Meno ya gia hupoteza nguvu kidogo kuliko oili. Fendt ya Ujerumani ilipatanisha mambo mwaka 1995 kwa trekta la Vario: sehemu ya nguvu hupita kwenye gia, sehemu kwenye oili.

Presha yenyewe hufika baa 350, zaidi ya mara 150 ya tairi la gari dogo. Hozi ikitoboka tundu la sindano, oili hupenya ngozi. Kidonda huonekana kama cha mwiba, kumbe kinahitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo. Ndiyo maana fundi mzoefu hutafuta uvujaji kwa kipande cha boksi.