DAWA YA DENI NI KULIPA
Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba dawa ya deni ni kulipa. Lakini je, deni likiwa ni nyumba, shamba na nchi, nani amlipe nani? Mpenzi msomaji, hilo ndilo swali ninalotaka tulichambue. Katika mdahalo wa chama chetu mwaka huu, mwenzetu mmoja alisema, "Waarabu walikimbia Palestina, Wayahudi nao wakakimbia nchi za Waarabu. Wamebadilishana, basi yaishe!" Alipigiwa makofi kweli kweli. Mimi sikupiga, na ningependa kueleza sababu.

Kwanza, tuanze na Wapalestina. Tarehe 29 Novemba 1947, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuigawa Palestina, iliyokuwa chini ya Waingereza, iwe nchi mbili: moja ya Wayahudi na moja ya Waarabu. Viongozi wa Wayahudi walikubali, wale wa Waarabu wakakataa. Vita vikazuka. Israeli ilitangazwa tarehe 14 Mei 1948, na kesho yake majeshi ya nchi jirani za Kiarabu yakaingia. Vita vilipokwisha mwaka 1949, Wapalestina zaidi ya 700,000 walikuwa wamepoteza makwao. Wengine walitoroka kwa hofu, hasa baada ya mauaji ya kijiji cha Deir Yassin mwezi wa Aprili 1948. Wengine, kama watu wa miji ya Lydda na Ramle mwezi wa Julai, walifukuzwa na wanajeshi. Wapo waliofunga mlango wakaondoka na ufunguo, wakidhani watarudi baada ya siku chache. Israeli haikuwaruhusu kurudi, na mwaka 1950 ilitunga sheria ya kuchukua mali ya "wasiokuwapo".

Pili, tuwaangalie Wayahudi wa nchi za Kiarabu. Hawa hawakuwa wageni huko. Wale wa Iraki, kwa mfano, walikuwa wameishi pale kwa zaidi ya miaka 2,000. Mwezi wa Juni 1941 ghasia za Baghdad ziliua zaidi ya Wayahudi 100. Baada ya mwaka 1948 mambo yaliharibika zaidi. Machi 1950 serikali ya Iraki iliwaruhusu kuondoka, ila kwa sharti la kuukana uraia wao. Machi 1951 ikazuia mali ya waliojiandikisha kuondoka. Takriban watu 120,000 wakasafirishwa kwa ndege hadi Israeli, mikono mitupu. Misri nayo iliwafukuza maelfu baada ya vita vya Suez vya mwaka 1956. Kwa jumla, Wayahudi zaidi ya 800,000 walihama nchi za Kiarabu kati ya mwaka 1948 na mwanzo wa miaka ya sabini. Wengi waliofika Israeli walianza maisha mapya katika mahema.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Tarehe 11 Desemba 1948, Baraza Kuu lilipitisha azimio nambari 194. Lilisema kwamba wakimbizi wanaotaka kurudi kwao na kuishi kwa amani na majirani waruhusiwe, na wasiotaka kurudi walipwe fidia ya mali yao. Wapalestina wamelishika azimio hili kama ngao. Israeli hujibu kwamba wakimbizi waliosajiliwa, pamoja na wazao wao, sasa ni karibu milioni 6, na wakirudi wote Wayahudi watakuwa wachache katika nchi yao. Wapalestina nao husema haki ya mtu haifi eti kwa sababu wenye haki wamezaana.

Hapo ndipo hoja ya kubadilishana inapoingia, na si mwenzetu aliyeianza. Machi 1951, Moshe Sharett, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Israeli, alitangaza bungeni kwamba mali waliyonyang'anywa Wayahudi wa Iraki itahesabiwa siku Israeli itakapowalipa Wapalestina fidia.

Hebu tupime jambo hili kwa mfano mwepesi. Juma amemnyang'anya Ali ng'ombe wake. Katika kijiji kingine, Musa amemnyang'anya Hamisi ng'ombe wake. Je, mzee wa kijiji akisema, "Ng'ombe wawili wamepotea, hesabu ziko sawa," Ali atapata maziwa? Hamisi je? Wanaofurahi ni Juma na Musa tu! Mpalestina wa Jaffa hakuchukua duka la Myahudi wa Baghdad. Ni serikali ya Iraki iliyolizuia. Na Myahudi wa Baghdad hakuuliziwa kama duka lake litumike kulipia deni la mwingine.

Aidha, wapo wanaokosea upande wa pili. Husema Wayahudi hao walihama kwa hiari, kwa hiyo hawadai kitu. Ni kweli kwamba baadhi yao walijiita Wazayuni wanaorudi nyumbani, wala si wakimbizi. Lakini anayehama kwa hiari huuza duka lake, hanyang'anywi.

Je, kuna njia? Mwaka 2000, Rais Bill Clinton wa Marekani alipendekeza mfuko wa kimataifa wa kuwafidia wakimbizi wa pande zote mbili. Mapatano hayakufikiwa. Kwa maoni yangu, fedha zinaweza kutoka katika mfuko mmoja, lakini daftari lazima liwe na jina la kila mdai na la kila mdaiwa. Swali la kurejea nalo lizungumzwe na Israeli na Wapalestina wenyewe, wala lisifutwe kwa makosa ya Baghdad.

Haya si mambo ya kale, wenzangu. Wakazi wengi wa Gaza ni wakimbizi wa mwaka 1948 au wazao wao, na vita vilivyoanza Oktoba 2023, baada ya Hamas kuishambulia Israeli, viliwahamisha tena karibu wote. Nako Baghdad, Wayahudi waliobaki ni wa kuhesabu kwa vidole. Deni lisilolipwa halizeeki, hurithiwa. Basi tutakapojadiliana tena, tusiwatoe watu kama tunavyotoa namba katika hesabu. Kwa hayo machache naweka kalamu chini.